Mbegu na udongo: kansere na mwili unaoilisha

Katika kutembelea wagonjwa, sote tumekwisha kusikia neno hili: «Padri, huyu wanamkula.» Mgonjwa amelala mkekani, mashavu yameingia ndani, mifupa inahesabika chini ya ngozi. Mwaka jana alikuwa akilima. Watu wa nyumbani wanamletea bugali na samaki, pengine anakula vizuri, na bado anazidi kukonda. Hakuna jeraha wala homa kubwa. Basi watu wanatafuta ni nani anayemkula, na mara nyingi jibu linamwangukia mama mjane wa ng'ambo ya barabara, au mtoto yatima aliyepokelewa nyumbani. Nasi tuliotumwa kwa watu hao tunajibu nini? Tukisema tu «Msisadiki uchawi», tumesema kweli, lakini hatukueleza kitu. Wanabaki na swali lao lilelile: kama si mtu, ni nini basi kinachomkula?

Tusiharakishe. Mtu hukonda kwa sababu nyingi: kifua kikuu, SIDA, ugonjwa wa sukari na nyingine. Kuchagua kati yao ni kazi ya hospitali, si yetu. Lakini sababu moja, isiyojulikana sana vijijini mwetu, ni kansere, ile ambayo jirani zetu wa Tanzania huiita saratani. Tunataka kueleza hapa, si ginsi ya kuiponya, kwani hiyo ni kazi ya waganga, bali ginsi inavyoishi ndani ya mtu: inavyopata chakula chake, njia zake na walinzi wake kutoka mwili uleule inaouharibu. Mwenye kuelewa hayo atakuwa na kitu cha kujibu pale mkekani.

Mwili umejengwa kwa seli, ndizo chembe hai ndogo zisizoonekana bila mikroskopi. Wataalamu wanakadiria zaidi ya milioni milioni 30 kwa mtu mzima. Kila moja ina kazi yake, na zote zinatii amri tatu: zizae zinapoitwa tu, zikae mahali pao, na zife saa yao inapofika. Ndiyo, hata kufa ni kazi ya seli. Seli nyekundu ya damu huishi siku 120 hivi, kiisha huondolewa na nyingine huchukua nafasi yake. Zile zinazofunika utumbo kwa ndani hubadilishwa kwa siku chache tu.

Seli ya kansere ni ile iliyoacha kutii. Ndani ya kila seli mna maandiko yanayoiongoza, yale yanayoitwa shuleni ADN. Moshi wa tumbako, miali ya jua, virusi fulani, au kosa tupu la kunakili wakati seli inapojigawa, huweza kuharibu maandiko hayo. Kosa moja kwa kawaida halitoshi. Yanahitajika kadhaa, nayo hukusanyika kwa miaka, na ndiyo maana kansere nyingi huwapata watu wa makamo na wazee. Tushike vema jambo hili: kansere yenyewe si mikrobe iliyoingia kutoka nje, wala si kitu kilichotupwa na mtu tumboni mwa mwenziwe. Ni mtoto wa nyumbani. Ana uso wa nyumbani na anajua lugha ya nyumbani. Tutaona kwamba hiyo ndiyo nguvu yake.

Kwa muda mrefu wataalamu waliiangalia seli hiyo peke yake, kana kwamba ugonjwa wote umo ndani yake. Lakini mwasi mmoja katikati ya majirani wenye utaratibu hafiki mbali. Anahitaji wa kumlisha, wa kumjengea, wa kumfungulia mlango usiku. Mmoja wa wale walioona hayo mapema ni Stephen Paget, mpasuaji wa London. Mwaka 1889 alichapisha uchunguzi wa habari za wanawake 735 waliokufa kwa kansere ya maziwa. Alitaka kujua mbegu za kansere hiyo ziliangukia wapi zilipotoka katika ziwa. Damu hupita kila mahali. Kama ingekuwa ni kazi ya damu tu kuzipeleka, zingalionekana sawasawa katika viungo vyote. Haikuwa hivyo. Wanawake 241 walikutwa na kansere katika ini. Katika wengu, kiungo kinachopata damu nyingi, ni 17 tu. Paget akasema: mbegu za mmea huchukuliwa pande zote, lakini huota tu pale zinapokuta udongo unaozifaa.

Msomaji wetu atakumbuka mara moja sura ya 13 ya Matayo, njiani, penye mawe, penye miiba. Mfano huo unasaidia sana kwa kufundisha, tumeujaribu. Lakini mwalimu asiuvute kupita kipimo: katika Injili mbegu ni njema na tunaombwa tuwe udongo mwema, hapa mbegu ni mbaya, na taabu yetu ni kwamba udongo unaikubali.

Neno la Paget halikupokelewa na wote. James Ewing, mtaalamu mkubwa wa Amerika, alifundisha nyuma yake ya kwamba njia za damu zinatosha kueleza yote. Naye hakukosa kabisa: kansere ya utumbo mpana huenda mara nyingi katika ini, kwani damu ya utumbo hupita huko kwanza. Miaka mingi ilipita. Mwaka 1980 Ian Hart na Isaiah Fidler walipandikiza vipande vidogo vya pafu, vya kokwa la uzazi na vya figo katika miili ya panya, kiisha wakatia seli za kansere katika damu yao. Damu ilivifikia vipande vyote. Kansere ikaota katika pafu na katika kokwa la uzazi. Katika figo haikuota. Paget alikuwa amekufa tangu mwaka 1926.

Basi udongo huo ni nini? Hapa tunaomba msomaji atukumbushe siku alipojikata na jembe. Kwanza damu inaganda. Kiisha askari wa mwili, ndizo seli nyeupe, wanafika kuua mikrobe na kula uchafu. Nyuma yao zinakuja seli nyingine ambazo tungeweza kuziita wafumaji, kwani kazi yao ni kufuma nyuzi ngumu za kuunganisha nyama. Mishipa midogo ya damu inachipuka ili kuwaletea chakula wafanyakazi hao wote. Jeraha likifungwa, amri inatolewa: kazi imekwisha, kila mmoja arudi kwake. Linabaki kovu.

Mwaka 1986 Harold Dvorak, mganga wa Boston, aliandika ya kwamba uvimbe wa kansere ni jeraha lisilopona. Seli ya kansere inapiga kengele ileile ya jeraha. Askari wanakuja, wafumaji wanakuja, mishipa inachipuka, wote kwa moyo mwema, wakidhani kuna mtu wa kuokoa. Lakini amri ya kurudi nyumbani haitolewi kamwe. Wanaendelea kumjengea mwasi.

Kuku walikuwa wamekwisha kutoa ushahidi wa namna hiyo. Mwaka 1911 Peyton Rous wa New York alionyesha virusi vinavyoleta kansere kwa kuku. Miaka zaidi ya 70 nyuma yake, huko California, Mina Bissell na wenzake walitia virusi hivyo katika bawa moja la kifaranga, na uvimbe ukaota hapo. Virusi vilizunguka katika damu yote, lakini mahali pengine hapakuota kitu. Kiisha wakajeruhi bawa la pili: uvimbe ukaota penye jeraha. Na virusi hivyohivyo vilipotiwa katika kifaranga kichanga ambacho bado kinaumbwa ndani ya yai, viliingia katika seli zake, lakini uvimbe haukutokea. Virusi vilikuwa vilevile. Mazingira ndiyo yaliyobadilika.

Wafumaji tuliowataja wanatupa somo lingine, na katekista alisikie vema. Mwanamke anayekuta kivimbe kigumu katika ziwa lake anagusa, kwa sehemu kubwa mara nyingi, si seli za kansere zenyewe bali nyuzi zilizofumwa na seli njema zilizodanganywa. Kivimbe hicho mwanzoni kwa kawaida hakiumi. Watu wetu wanapima ugonjwa kwa maumivu: kisichouma kinangoja. Hapo tumekwisha kuwapoteza mama wengi, waliokuja hospitali na kidonda kilichofunguka, nyuma ya mwaka mzima wa kungoja.

Kuhusu mishipa ya damu, Judah Folkman wa Boston aliandika mwaka 1971 ya kwamba uvimbe hauwezi kupita milimita moja au mbili kama haukujipatia mishipa mipya. Wengi walimcheka. Baadaye zikapatikana dawa za kuzuia mishipa hiyo, ya kwanza ikiruhusiwa Amerika mwaka 2004. Zinasaidia kwa kansere kadhaa, lakini si kama watu walivyotumaini. Mwasi aliyefungiwa mfereji mmoja hutafuta mwingine.

Jambo la kushangaza zaidi ni la askari. Mwili una askari wanaoweza kuua seli iliyopotoka, na tunaamini ya kwamba wanaziua nyingi bila sisi kujua. Lakini askari hao wana breki, na ni lazima wawe nayo, la sivyo wangeshambulia mwili wenyewe. Kwa kuwa kansere ni mtoto wa nyumbani, inajua breki hiyo iko wapi. Inamwonyesha askari alama inayosema: «Mimi ni wa hapa, simama.» Naye anasimama. Tena askari wengine, wale walaji wakubwa ambao kazi yao ni kumeza uchafu, wanageuzwa kuwa watumishi wa uvimbe: wanauletea mishipa na kuzifungulia seli zake njia ya damu. James Allison wa Amerika na Tasuku Honjo wa Japani, waliochunguza breki hizo, walipewa tuzo ya Nobel mwaka 2018. Dawa za kuiondoa breki zimewaponya wagonjwa fulani waliokuwa hawana tumaini, lakini si wote, na bei yake ni kubwa mno kwa watu wetu.

Hatuna haja ya kwenda Japani kuona umuhimu wa askari hao. Kansere ya ngozi yenye madoa ya rangi ya zambarau, iliyoelezwa na Moritz Kaposi huko Vienna mwaka 1872, ilijulikana mashariki ya Kongo na Uganda mbele ya SIDA. Ilikuwa hasa kwenye miguu ya wanaume wa makamo na wazee, ikienda polepole. SIDA ilipowaangusha askari, kansere hiyo ikawa kali, ikawapata na vijana. Virusi vyake vilivumbuliwa mwaka 1994. Kuna wagonjwa wengine wanaoipata: waliopandikizwa figo, ambao hupewa dawa za kuwatuliza askari ili wasiikatae figo ya mwenzao. Dawa hizo zikipunguzwa, mara nyingine madoa yanafifia. Hakuna aliyezigusa seli za kansere. Askari tu wamerudi kazini. Vivyo hivyo kwa kansere ya mlango wa kizazi, inayoletwa na virusi vinavyoitwa papiloma: Shirika la Afya la Ulimwengu linasema ya kwamba mwanamke mwenye virusi vya SIDA ana hatari mara 6 kuliko mwenziwe asiye navyo. Mama anayemeza dawa zake za SIDA kila siku analinda zaidi ya jambo moja.

Sasa tunaweza kurudi mkekani. Kansere ikiwa imeenea, inaingia katika mazungumzo na viungo vya mbali. Katika mfupa, kwa mfano, kuna seli zinazobomoa na seli zinazojenga, nazo hufanya kazi kwa zamu maisha yote. Kansere ya ziwa ikifika mfupani inawachochea wabomoaji. Mfupa ukibomolewa unatoa vitu vilivyowekwa akiba ndani yake, na vitu hivyo vinailisha kansere, nayo inachochea zaidi. Ndiyo sababu ya maumivu yale ya mgongo usiku, na ya paja linalovunjika bila mtu kuanguka. Na mwili mzima vilevile: uvimbe, pamoja na askari wanaouzunguka bila kuushinda, hutuma habari katika damu. Habari hizo zinafika kwenye ubongo na kuondoa hamu ya chakula. Zinafika kwenye misuli na kuiamuru iyeyuke. Hivi mtu aweza kukonda sana na uvimbe wenyewe bado ni mdogo, umefichika nyuma ya tumbo, hakuna anayeuona. Tena, tofauti na njaa ya kawaida, chakula peke yake hakirudishi nyama iliyopotea. Bugali la mke wake halikurogwa. Hakuna anayemkula, mwili unajiyeyusha wenyewe kwa amri ya uongo.

Tumejaribu kueleza hivyo mbele ya jamaa, na hatutadai ya kwamba wote walikubali. Wazee wengine walisema: «Sawa, padri, lakini nani aliyeituma amri hiyo?» Ni haki kuwajibu kwa uvumilivu, si kwa hasira. Hata hivyo mara zaidi ya moja tuliona shauri lililokuwa limeandaliwa juu ya mwanamke mzee likiahirishwa, na jamaa wakikubali kumpeleka mgonjwa hospitali kwanza. Kuahirisha si kidogo.

Maneno mawili juu ya kazi yetu wenyewe. Mpako wa wagonjwa haungoji pumzi ya mwisho. Mtaguso wa Vatikano wa Pili ulisema wazi mwaka 1963 ya kwamba si sakramenti ya wale tu walio katika saa ya kufa. Na juu ya maumivu: wako wakristu wanaodhani ni dhambi kumpa mgonjwa dawa kali kama mofini. Tarehe 24 Februari 1957 Papa Pio wa 12, akiwajibu waganga, alifundisha ya kwamba ni halali kutuliza maumivu kwa dawa hizo, hata kama zingeweza kufupisha maisha, ikiwa hakuna njia nyingine na ikiwa hazimzuii mgonjwa kutimiza wajibu wake wa dini na wa maadili. Tusiwabebeshe wagonjwa mzigo ambao Kanisa halikuwabebesha.

Tumebakiza kansere moja, kwa sababu ni ya nchi zetu na ni ya watoto. Mwaka 1957, katika hospitali ya Mulago huko Kampala, Denis Burkitt, mpasuaji mzaliwa wa Ireland, aliitwa kumwona mtoto aliyevimba mataya pande zote nne. Baadaye kidogo, huko Jinja, akamwona wa pili. Akaanza kuuliza kwa barua na kuchora ramani. Mwaka 1961 alisafiri kwa motokari iliyozeeka mpaka Afrika ya Kusini na kurudi, kilomita 16.000 hivi, pamoja na waganga wawili wamisionari. Mmoja wao, Ted Williams, alikuwa wa Kuluva karibu na Arua, si mbali na mpaka wetu. Walikuta ya kwamba ugonjwa hauonekani katika nchi za juu zenye baridi, wala katika nchi kavu. Ramani yao ilifanana na ramani ya mbu.

Mwaka 1964, London, Anthony Epstein, Bert Achong na Yvonne Barr walivumbua virusi ndani ya seli za uvimbe huo. Lakini virusi hivyo vimo karibu katika watu wote wa dunia, na huko Ulaya kansere hiyo ni haba. Tena basi ni mambo ya udongo. Mtoto wetu anayeugua malaria mara kwa mara, seli nyeupe fulani za damu yake zinaitwa kuzaa bila kupumzika, na kila kuzaa ni nafasi ya kosa: kipande cha kromosomu ya 8 kinahamia kwenye nyingine, kwa kawaida ya 14, na amri ya kuzaa inabaki wazi kama bomba lililovunjika. Wakati huohuo askari wanaopaswa kuvizuia virusi wamechoka kwa malaria. Mbegu, virusi na udongo vinakutana katika mtoto mmoja.

Kati ya kansere za mtu, ni chache zinazokua upesi kama hii: uvimbe waweza kuongezeka mara mbili kwa siku moja au mbili. Lakini ni chache pia zinazoyeyuka upesi kama hii mbele ya dawa. Burkitt mwenyewe, katika miaka ya 1960, aliona mataya yakirudi sawa kwa siku chache, na watoto wengine wakapona baada ya sindano moja. Siku hizi hutolewa dawa kadhaa pamoja kwa majuma mengi, na watoto wengi hupona wakianza mapema. Katekista akiona mtoto wa miaka 4, 5 au 8, taya limevimba, meno yanacheza bila kuoza, au jicho moja linasukumwa nje, au tumbo linajaa kwa siku chache, asimpeleke kwa mfumu, wala asimwambie mama yake angoje siku ya kliniki mwezi ujao. Amwandikie padri barua siku hiyohiyo, na padri atafute motokari.